Madaftari Saba ya Lakica

Kaltumi alikuwa mwanamke wa kusifiwa, na balaa lilimwingilia kwa mlango huo huo. Wake wa polisi pale kambini walisema nyumba yake inang'aa, mtoto wake anapendeza, na hata jerikeni zake za maji hazina ukoga. Sifa ni tamu, jamani. Lakini mtu aliyezoea kusifiwa haogopi kitu kama kukaripiwa mbele za watu. Njaa angeivumilia, uchovu angeuvumilia. Aibu hakuiweza.

Alikuwa Mnubi wa Bombo, muuzaji wa nguo za watoto za mitumba kule soko la Owino, ameolewa na Ocira, Mwacholi, askari polisi. Mama yake Kaltumi aliisusa harusi kwa sababu ya dini, kisha akaisahau hasira siku mjukuu alipozaliwa. Mwaka huu ninaousimulia, Ocira alikuwa amehamishiwa Karamoja, akirudi nyumbani mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne. Kwa hiyo Kaltumi alibaki na Lakica, binti yao wa pekee, mwenye miaka saba, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko redio. Kabla yake mimba mbili zilikuwa zimetoka. Mnaelewa basi alivyompenda.

Koo lilianza mwezi wa pili. Lakica aliamka hataki chai, hataki mkate, mate yenyewe hayamezeki. Shingo ilikuwa imevimba pande zote mbili na mwili unachoma. Kaltumi akamfunga leso, akampeleka kwenye zahanati ya jirani.

Hapa Kampala, asiyejua na ajue, ukienda zahanati unakwenda na daftari lako, lile lile la shule. Ukiwa huna, unauziwa mlangoni. Musawo, ndivyo tunavyomwita daktari na nesi pia, anaandika humo ugonjwa na dawa, nawe unarudi nalo nyumbani. Zahanati haibaki na kitu. Maradhi yako yote yanakaa katika daftari hilo, na mtunzaji wake ni wewe. Kaltumi alinunua la kwanza, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri jina la mwanawe, akapewa vidonge vya rangi mbili vya siku kumi.

Siku ya nne Lakica alikuwa anaruka kamba. Koo safi, homa hakuna, anaomba chapati. Kaltumi akatazama vidonge vilivyobaki, akamtazama mtoto, akaona hakuna haja ya kumsumbua tumbo kwa dawa ilhali amepona. Mama gani asingefikiri hivyo? Akavifunga kwenye kikaratasi, akaviweka juu ya kabati.

Wiki tatu baadaye koo lilirudi. Wakarudi zahanati ile ile, na nesi akafungua daftari.

"Nnyabo, mama wewe, ulikuwa hapa juzi tu. Dawa alimaliza?"

"Zilibaki kidogo," Kaltumi akasema.

Basi hapo ndipo yule nesi alipoifunga kalamu yake. Benchi lilikuwa limejaa, wanawake kumi na ushee na watoto wao. Akaanza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Eti nyinyi mnavaa mkapendeza na vichwani hamna kitu. Eti mtoto huyu akifa usije kulia hapa, kafe naye huko huko kambini. Wanawake wakainamisha macho, mmoja akacheka chini chini. Kaltumi alisikia masikio yanawaka moto. Alichukua dawa, akamshika Lakica mkono, na walipofika nje aliapa moyoni kwamba benchi lile halitamwona tena.

Na halikumwona. Koo lilipouma mara ya tatu alikwenda Katwe, kwenye kliniki iliyo juu ya karakana ya masufuria, na mlangoni akanunua daftari jipya. Daftari jipya halina kisa. Musawo wa Katwe, kijana mwenye haraka, alifungua ukurasa mtupu, akauliza kama mtoto amewahi kuugua hivi.

"Hapana, ndiyo mara ya kwanza."

Akaandika malaria na mafindofindo. Akatoa dawa ya siku tatu kwa malaria na ya siku saba kwa koo. Siku tatu za malaria alizimaliza. Za koo akaziacha siku ya nne, mtoto alipoanza kula.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Kaltumi aliijua methali hiyo tangu utotoni, alikuwa hata akiwaambia wenzake. Lakini yeye hakuwa anaficha maradhi, ndivyo alivyojiambia. Alikuwa anaficha karipio tu.

Kufikia mwezi wa nane madaftari yalikuwa matano. Kliniki ya Kisenyi ilisema ni taifodi. Nyingine, karibu na egesho la teksi, ilisema ni vumbi, mtoto asinywe vya baridi. Huko aliulizwa kama ametumia dawa yoyote karibuni, akaona akikataa kabisa hawatamwamini, akasema ndiyo, vidonge vya rangi mbili, na alivimaliza. Musawo akatikisa kichwa.

"Kama alimaliza na hajapona, basi si mdudu wa koo. Tutafute kingine."

Hapo ndipo uongo ule mdogo ulipoota mizizi. Kila musawo aliyeambiwa dawa iliisha aliona dawa imeshindwa, akageukia ugonjwa mwingine. Minyoo. Mzio. Upungufu wa damu. Bibi mmoja wa Bombo alisema ni kimeo, kikatwe, na wembe anao. Kaltumi alikataa wembe, angalau hilo mumhesabie. Lakini sasa kila akitoka kliniki alikuwa na jina jipya la ugonjwa, na majina yale yalianza kumtisha kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu yalikuwa yanazidi na mtoto anazidi kukonda.

Halafu likaja jambo la kumfundisha mtoto. Kwenye kliniki ya sita nesi alimwuliza Lakica mwenyewe, kwa upole, kama alikunywa dawa zote za nyuma. Lakica akafungua mdomo aseme, na Kaltumi akamfinya bega. Walipotoka alichuchumaa mbele yake, akamfunga vifungo vya sweta.

"Mwanangu, musawo akikuuliza, sema ulimaliza zote. Wakisikia hukumaliza watanigombeza mimi. Unataka wamgombeze mama?"

"Hapana."

"Haya. Sema ulimaliza."

"Nilimaliza zote," Lakica akasema, na akalisema vizuri.

Mwezi wa kumi koo lilinyamaza. Wiki moja, wiki mbili, kimya. Kaltumi alianza kupumua. Alimpigia Ocira simu akamwambia mtoto amepona kabisa, na Ocira akacheka kwa furaha huko Karamoja. Kisha asubuhi moja Lakica alishindwa kushuka kitandani. Goti la kulia lilikuwa limevimba, limekuwa la moto, na hata shuka likiligusa analia. Kaltumi alidhani ameanguka shuleni. Akalikanda kwa maji ya chumvi siku mbili. Siku ya tatu goti lilikuwa zima kama halikuwahi kuumwa, na kifundo cha mguu wa kushoto ndicho kilichovimba. Baada ya hapo kiwiko.

Jirani yake, Marie-Jeanne, Mkongo aliyekuwa akikaanga samaki kwenye geti la kambi, alikuja kumtazama mtoto, akakishika kile kiwiko, akakiacha.

"Mama Lakica, ugonjwa huu unatembea," alisema. "Mimi siupendi ugonjwa unaotembea. Ukitembea, unakwenda mahali."

"Anakua tu. Mifupa inanyooka."

"Inanyooka kwa zamu?"

Kaltumi akamfunika mtoto shuka. Alikwenda kliniki ya saba, huko mbali ambako hajulikani, akaambiwa ni baridi ya viungo, akapewa dawa ya maumivu. Maumivu yakaisha. Daftari la saba likaingia chini ya godoro pamoja na wenzake. Kuyatupa hakuweza, kwa kuwa yalikuwa na jina la mwanawe juu, na jina la mtoto halitupwi jalalani.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisimulie kwa hasira. Lakica alianza kuangusha vitu. Kikombe, kijiko, sahani ya maharage. Mkono ulikuwa unaruka wenyewe, kama unafukuza nzi asiyeonekana. Mwalimu aliita mzazi, akaonyesha mwandiko wa mtoto uliokuwa mzuri, sasa umekuwa michoro ya kuku. Usoni nako, mdomo unajikunja, macho yanapepesa. Watoto wa kambini wakamwiga. Kaltumi aliona ni utundu, na aliona watu wanaona. Siku Lakica alipomwaga chai juu ya nguo za kuuzwa Owino, alimpiga kofi.

Mtoto hakulia. Aliushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaubana kifuani.

"Mama, ni huu. Mimi ninaukataza."

Kaltumi aliingia ndani, akakaa kitandani, akalia mpaka leso ikalowa. Usiku ule hakulala kwa kofi lile, na hata leo halijamtoka mkononi.

Baada ya hapo ilikuwa pumzi. Lakica, aliyekuwa akibeba jerikeni ndogo ya lita tano kutoka bombani, akawa anaketi juu yake njiani mara tatu. Asubuhi Kaltumi alimkuta amelala ameegemea ukuta, ameketi, na akimlaza chali anaamka anahema. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili walipiga simu kutoka shule. Mtoto ameanguka mstarini.

Marie-Jeanne aliacha samaki kwenye mafuta. Kweli, aliwaacha waungue. Alikodi bodaboda mbili, akaingia nyumbani kwa Kaltumi bila hodi, akainua godoro, ambako aliwahi kuyaona siku alipomtandikia mtoto, akayabeba madaftari yote saba kwapani.

"Yaache hayo," Kaltumi alisema.

"Wewe twende."

Walimchukua mtoto shuleni. Kwenye geti la hospitali kubwa ya serikali kulikuwa na mwanamke anayeuza madaftari, kalamu na mifuko ya plastiki. Kaltumi, mtoto akiwa mgongoni anahema, alianza kufungua pindo la leso lenye pesa. Mazoea ni kitu kibaya. Marie-Jeanne alimshika mkono.

"Unanunua la nane la nini? La kuandikia mazishi?"

Kaltumi akazirudisha pesa. Akafunga pindo.

Daktari aliyewapokea aliitwa Ogwang, mtu mzima mwenye mvi, mpole mpaka unamwogopa. Alimlaza Lakica, akapima, akasikiliza kifua kwa muda mrefu sana, mbele, kisha mgongoni, kisha mbele tena. Akampeleka chumba cha pili kupigwa picha ya moyo kwa mashine. Waliporudi alikuwa ameyapanga madaftari yote saba mezani, kwa tarehe, yamefunguliwa ukurasa wa kwanza.

"Mama, njoo uone," alisema.

Kaltumi akasogea. Miandiko saba tofauti, wino wa buluu, mweusi, mmoja mwekundu. Na katika kila ukurasa wa kwanza, kuanzia daftari la pili mpaka la saba, musawo aliandika alichoambiwa, ama kwamba mtoto huyu hajawahi kuugua koo, ama kwamba dawa alizimaliza zote.

"Ukiyasoma moja moja, ni watoto saba walioumwa siku moja moja," Daktari Ogwang alisema. "Ukiyasoma pamoja ni mtoto mmoja aliyeumwa mwaka mzima. Nataka kujua jambo moja tu. Dawa za koo, zile za rangi mbili na hizi nyingine, zilimalizwa?"

Kaltumi alifungua mdomo. Kabla hajasema, sauti ndogo ikatoka kitandani.

"Nilimaliza zote, musawo."

Lakica alikuwa amejiinua kwa viwiko. Midomo yake ilikuwa imefifia, mbavu zinapanda na kushuka, na mkono wake unaruka juu ya shuka. Alimtazama daktari bila kupepesa.

"Zote kabisa?" daktari akauliza.

"Zote. Mama alinipa zote. Usimgombeze."

Hakuna nesi aliyewahi kumkaripia Kaltumi kama alivyokaripiwa na maneno hayo. Mtoto hana pumzi ya kunywea maji, na ile kidogo aliyo nayo anaitumia kumlinda mama yake. Kaltumi hakutazama ni nani amesimama mlangoni, wala wangapi wanasikia.

"Anaongopa," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Hakumaliza hata mara moja. Nilikuwa namwachisha akianza kucheza. Na hizo kurasa za kwanza ni uongo wangu mimi, si wa musawo."

Alingoja. Alijua linalokuja, akasema na lije, litapita.

Daktari Ogwang hakukaripia. Aliandika kwa muda mfupi, kisha akavua miwani.

"Koo hili lina mdudu wake," alisema. "Dawa ya siku nne haimuui, inampumzisha tu. Mwili unapigana naye, unapigana tena na tena, mpaka unachanganyikiwa na kuanza kujipiga wenyewe. Uliyapiga magoti. Ukapiga na ubongo, ndiyo maana unaona mkono unaruka, hilo litatulia, usiogope. Lakini umepiga na moyo. Moyo una milango midogo ya kuzuia damu isirudi nyuma. Mmoja wa kwake haufungi tena vizuri."

"Utafungika akipewa dawa?"

"Dawa itampa pumzi. Mlango ulioharibika hauponi kwa dawa. Huenda siku moja akahitaji kupasuliwa, na foleni ya upasuaji ule ni ndefu."

"Ningemaliza dozi, isingefika huku?"

Daktari akavaa tena miwani yake. "Sijui, mama. Nikikuambia ndiyo, au nikikuambia hapana, nitakuwa nakuandikia daftari la nane. Ninachojua ni cha mbele. Kuna sindano. Atachomwa kila baada ya wiki nne, aumwe asiumwe, mpaka awe mtu mzima, na pengine zaidi. Koo likirudi mara moja tu bila kinga ile, mlango unaweza kwenda wote."

Walikaa wodini wiki tatu. Sindano ile, acheni tu. Dawa yake ni nzito, inaingia polepole, na mguu unakufa ganzi siku nzima. Lakica alipiga kelele mpaka wagonjwa wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Lakini pumzi ikarudi. Mkono ukatulia kidogo kidogo. Mwezi wa tatu mwandiko ulikuwa umerudi, na maneno nayo yakarudi, mengi kama zamani. Kufikia mwezi wa tano alikuwa anaruka kamba mlangoni, na ukimtazama ungesema mtoto huyu hajui dawa inafananaje. Kaltumi alikuwa akimtazama kwa siri akiruka, anahesabu pumzi zake, na kadiri mtoto alivyozidi kunawiri ndivyo hofu ya mama ilivyozidi.

Ocira alirudi likizo wiki ya sindano ya saba. Alikuwa amekuja wodini mwezi wa kumi na mbili, siku mbili tu, akaambiwa mambo ya moyo akiwa amechoka na safari, akayaweka kando kama wanaume wengi wanavyoyaweka. Asubuhi ile ya kwenda hospitali Lakica alijificha nyuma ya tangi la maji. Kaltumi alimtoa kwa nguvu, mtoto analia, anamwita baba yake. Majirani wakatoka milangoni. Ocira akaja amevaa ndala, akamchukua binti yake mikononi.

"Mama Lakica, hebu mwache. Jana alicheza mpira na wavulana jioni nzima. Kwa nini kumtesa na amepona?"

Majirani walikuwa wanasikiliza. Mmoja akaitikia, kweli, huyu mtoto mbona mzima. Kaltumi aliyasikia maneno ya mumewe akayatambua kila moja, kwa kuwa yalikuwa ni yake mwenyewe. Angemwambia nini? Alikuwa mtu mwema, anampenda mtoto, na alikuwa anakosea kwa njia ile ile aliyokosea yeye.

"Baba Lakica, mweke chini," alisema. "Sasa piga magoti."

"Hapa?"

"Hapa hapa, watu wakiona. Weka sikio lako kifuani kwake, upande wa kushoto, chini ya chuchu. Lakica, mwanangu, nyamaza kidogo, usihemee juu."

Askari mzima akapiga magoti uani mbele ya wake za wenzake. Akaweka sikio. Lakica, kwa vile ndevu za baba zilimtekenya, akasahau kulia, akaanza kucheka. Ocira naye alitabasamu. Kisha tabasamu likabaki usoni halina kazi.

Alisikiliza muda mrefu. Palipopaswa kuwa na mapigo mawili makavu, palikuwa na pigo moja na sauti ya kitu kinachovuja, pigo na mvujo, pigo na mvujo, haraka haraka.

"Moyo unafanya hivi wakati gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Wakati wote," Kaltumi akasema. "Hata sasa anavyocheka."

Ocira alibaki amepiga magoti, mkono mmoja mgongoni mwa mtoto, hata majirani wakaona haya wakaanza kurudi ndani. Hatimaye aliinuka, akaingia nyumbani, na alipotoka alikuwa amevaa viatu. Akamshika Lakica mkono. Wakatoka wote watatu kuwahi foleni.